Ukuta wa Njaa na Ukuta wa Shibe

Mteja akiingia kwa Ekeno kupigwa picha, haulizwi jina wala haulizwi picha ni ya nini. Anaulizwa swali moja tu: "Njaa au shibe?"

Mgeni wa Kakuma anaweza kudhani anakaribishwa chakula, akaanza kushukuru. Asijisumbue. Tangu Ekeno aanze kupiga picha nyumbani kwake, hakuna mteja aliyewahi kupewa hata chai ya rangi. Swali ni la ukuta. Nyumba yake ina vyumba viwili, iko nyuma ya maduka ya mjini, na chumba cha mbele, ambacho asubuhi ni jiko, mchana huwa studio. Studio hiyo ina kuta mbili, na kila ukuta una kazi yake.

Ukuta wa shibe umepakwa rangi ya maziwa na uko kando ya dirisha. Dirishani Ekeno ametundika chandarua, kimojawapo cha vile vilivyogawiwa bure ili watu walale chini yake wasiumwe na mbu. Mbu wa Kakuma wanamshukuru sana. Mwanga wa jua ukipita kwenye chandarua kile hupoteza ukali wote. Huingia polepole kama mgeni mwenye adabu, hufuta mikunjo na kujaza mashavu. Upande wa pili wa mteja, juu ya kigoda, husimamishwa karai la bati lililosuguliwa kwa jivu mpaka likang'aa. Kazi ya karai ni kurudisha mwanga pale chini ya kidevu, mahali ambapo umaskini hupenda kujificha. Ongeza tone la mafuta ya kupikia kwenye paji la uso, na mtu aliyeamkia maji matupu atatoka pale akifanana na mwenyekiti wa kamati ya zabuni.

Ukuta wa njaa ni udongo mtupu. Juu yake inaning'inia balbu moja, imefungwa kwenye waya unaoleta umeme kutoka jenereta ya Hared, mwenye duka la jirani. Balbu hiyo hukaa juu kabisa ya utosi wa mteja. Hapo hakuna chandarua, hakuna karai, hakuna huruma. Mwanga unashuka wima, macho yanazama, mashavu yanabonyea, mishipa ya shingo inajitokeza kama kamba za hema. Jivu kidogo midomoni humaliza kazi. Mtu anaweza kufika hapo akichokonoa nyama kwenye meno, akatoka akiwa mhitaji wa dharura.

Ufundi huu Ekeno hakuufundishwa darasani. Kwa miaka kadhaa alikuwa mbeba mizigo wa wapiga picha waliokuja kutoka nchi za mbali kuipiga picha Turkana. Aliwabebea miguu mitatu ya kamera, maji na miavuli, na akawatazama. Aliona kwamba asubuhi, jua likiwa laini na watu wakipendeza, wageni walilala. Saa sita, jua likiwa utosini na hata mbuzi akionekana mgonjwa, waliamka, wakawaita akina mama watoke kivulini, wakawaomba wasicheke. Jioni mgeni yule yule alimwomba Ekeno ampige picha yeye mwenyewe, kando ya ziwa, jua likiwa limelala, ngozi yake ikimeremeta kama mkate uliotoka kwenye jiko. Ekeno akaelewa biashara yote. Jua ni moja. Kilichobaki ni saa na nani analipia.

Basi alipoachishwa kazi ile, akanunua kamera iliyochoka kwa mmoja wa wale wageni, akarudi nyumbani, akaigawa siku katika kuta mbili.

Biashara ilishika. Watu wa mjini walikuja, watu wa kambi ya wakimbizi walikuja. Lueth, kijana wa Sudan Kusini aliyekuwa akiishi kambini, alikuja mara moja akataka kuta zote mbili siku hiyo hiyo.

"Ya shibe ni ya msichana," Lueth alisema, akijipaka mafuta mwenyewe kwa uzoefu. "Ya njaa ni ya mjomba, yuko Australia. Lakini Ekeno, bwana, usinichanganyie. Mjomba akiona hii ya shibe, ataniomba mimi nimtumie yeye."

"Mimi sichanganyi," Ekeno alijibu, akiwa amefumba jicho moja nyuma ya kamera. "Mimi ni fundi. Kila picha ina njia yake, na njia hazikutani."

Hilo alilisema mara nyingi, kwa wateja wengi, na kwa sauti ya mtu anayetamani kunukuliwa.

Mtu mmoja tu alikataa kukaa kwenye ukuta wowote. Huyo alikuwa Nawoi, aliyeuza chai na chapati kwenye kibanda kilichotazamana na nyumba ya Ekeno, na ambaye Ekeno alitaka kumwoa. Nawoi alikuwa na mikono ya haraka na ulimi wa haraka zaidi. Ekeno alimbembeleza mara nyingi akae chini ya chandarua, angalau picha moja.

"Ukuta wangu uko wapi?" Nawoi alimuuliza.

"Ukuta gani tena?"

"Wa mtu aliyekula jana, na akijaliwa atakula kesho."

"Huo hauna soko."

"Basi na mimi sina haja ya picha. Rudisha kikombe."

Mambo ya Ekeno yalianza kuingiliana wiki ile alipohitaji picha zake mwenyewe. Mzee Ebenyo, babake Nawoi, alikuwa Lorugum na mifugo yake, na alikuwa ametuma neno kwamba kabla ya kuzungumza habari za mahari angependa kuiona sura ya huyo anayemtaka binti yake. Miguu ilikuwa inamsumbua, iletwe picha. Wakati huo huo, shirika moja la misaada, lenye jina refu kuliko kazi zake, lilikuwa limetangaza kwamba litamsaidia msanii mmoja mhitaji wa jamii mwenyeji. Atapewa taa za studio za kisasa, zile zenye miavuli myeupe, pamoja na sola ya kuziwasha. Masharti yalikuwa mawili: awe na kipaji, na asiwe na kitu. Kipaji kingethibitishwa baadaye. Kutokuwa na kitu kulihitaji picha.

Ekeno aliona kwamba alikuwa na kuta mbili, na haja mbili. Akaiweka kamera juu ya meza, akaitegesha ijipige yenyewe.

Alianza na shibe. Alivaa shati jeupe, akajipaka mafuta, akasogeza karai, akatabasamu bila kuonyesha meno, kama wanavyotabasamu watu wenye akaunti mbili za benki. Ilipokwisha, Nawoi akamletea sahani ya wali na maharagwe, kwa sababu pamoja na ulimi wake alikuwa na moyo. Ekeno aliimaliza sahani, akaomba nyongeza, akaimaliza nayo. Ndipo akavua shati, akavaa fulana iliyotoboka, akajipaka jivu, akakaa chini ya balbu akicheua maharagwe.

"Usicheue," Nawoi alisema kutoka mlangoni. "Mfadhili atasikia."

"Picha haina sauti."

"Ni bahati yako."

Akazituma. Ya shibe ilichapishwa, ikafungwa kwenye bahasha, ikapelekwa Lorugum na mwendesha pikipiki. Ya njaa ilikwenda kwa simu hadi Lodwar, kwa Madam Kagendo, mkuu wa miradi wa lile Shirika, ambaye alijibu baada ya muda mfupi kwamba ametokwa na machozi na kwamba wataiangalia kwa jicho la pekee.

Jibu la Lorugum lilichelewa, na lilipofika halikuwa na machozi. Mzee Ebenyo alimpigia binti yake simu. Kiswahili chake alikiokota mnadani, kwa wachuuzi wa mifugo, na alipenda kukitumia alipotaka jambo lisikike kama la biashara.

"Hii kijana imejipaka mafuta kwa uso," alisema. "Mtu ya mali, mafuta iko kwa mbuzi yake. Hii mafuta nani alinunua?"

"Baba, ni taa tu."

"Taa? Hata taa si yake? Basi ngoja. Mimi nafikiria kwanza."

Mzee akafikiria, na Ekeno akakonda kidogo, safari hii bila msaada wa balbu. Alimwambia Nawoi kwamba pengine karai lilikuwa karibu mno. Nawoi akamwambia kwamba pengine alikuwa mwongo. Ekeno akasema hilo nalo linaweza kurekebishwa kwa karai.

Kisha bango likapanda Lodwar.

Hakuna aliyekuwa amemwambia Ekeno kwamba kutakuwa na bango; habari zake alizisikia kwa madereva. Lilisimamishwa kando ya barabara kuu, kubwa kuliko mbele ya duka, na juu yake ulikuwa uso wake kuanzia nywele hadi kifua, mashimo ya macho yake yakiwa makubwa kama magurudumu ya pikipiki. Chini kulikuwa na maneno ya Kiingereza, kwamba njaa ina sura, na nembo za wafadhili zilizopangwa kama vifungo vya koti. Wiki hiyo hiyo Mzee Ebenyo alikuwa ameletwa Lodwar kwenye kliniki ya macho. Alitoka kliniki na dawa machoni, akatazama juu, na akamwona mkwe.

Simu ya Nawoi ikalia akiwa anakanda unga. Aliiweka juu ya ndoo, sauti ikiwa wazi, na Ekeno aliyekuwa akinywa chai akasikia kila neno.

"Nawoi! Mbona hukusema hii kijana inasimama?"

"Anasimama wapi, baba?"

"Kwa kura! Nimeona bango yake. Kubwa! Watu wanapita chini yake kama mchwa."

"Baba, hilo bango linasema ana njaa."

"Naona iko na njaa, macho yangu imepona. Kila mtu ya kutaka kiti anaweka uso ya huruma kwa bango. Hiyo si njaa ya kulala na njaa. Hiyo ni njaa ya kula." Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Hiyo nimekubali. Yule mpaka-mafuta wa picha ndogo, nilikuwa namuitisha mbuzi. Huyu wa bango ataleta ngamia."

Simu ikakatika. Nawoi akaendelea kukanda unga kwa nguvu isiyohitajika.

"Amenikubali," Ekeno alisema, na uso wake ukang'aa kama alivyojaribu kuung'arisha kwa mafuta.

"Umesikia neno ngamia?"

"Nimesikia neno kubali."

"Ekeno, una ngamia wewe?"

Ekeno aliukoroga mchanga wa sukari uliobaki chini ya kikombe. Ngamia hakuwa naye. Alikuwa na mbuzi wachache waliochungwa na kaka yake huko Katilu, ambako kaka alilima mahindi kwa maji ya mto, na debe moja au mawili ya mahindi hayo yalimfikia kila msimu. Hakuwa maskini wa kupandishwa kwenye bango, wala hakuwa tajiri wa kumlipa Mzee Ebenyo. Kwa hali kama hiyo hakuwa amejenga ukuta.

Hapo ikaja simu ya pili, ya Madam Kagendo. Alikuwa amechaguliwa, na taa zilikuwa zimefika. Kungekuwa na sherehe Lodwar, katika ukumbi wa hoteli, mbele ya wafadhili na mgeni wa heshima.

"Uje ulivyo," Madam alimwambia.

"Nilivyo vipi, Madam?"

"Ulivyo kwenye picha."

Na Mzee Ebenyo, aliposikia kwamba mkwe wake mtarajiwa anafanyiwa sherehe na wakubwa, akatuma neno kwamba atahudhuria pamoja na wazee wenzake wawili, na kwamba kijana avae kama mtu wa bango.

Mtu mwenye akili ya kawaida angepiga simu mbili na kuumaliza udanganyifu wake. Ekeno alikuwa na akili ya fundi wa taa. Alivaa ile fulana iliyotoboka, na juu yake akavaa koti aliloazima kwa katekista. Walipokuwa wakisubiri gari la kwenda Lodwar, alimwonyesha Nawoi jinsi litakavyofanya kazi: akigeukia wafadhili, koti linafunguka, akigeukia wazee, linafungwa.

Nawoi alilitazama lile koti likifunguliwa na kufungwa.

"Nisikilize," alisema. "Mimi naweza kuolewa na mtu wa mbuzi. Naweza hata kuolewa na mtu asiye na mbuzi. Lakini leo ukijificha tena nyuma ya taa, usivuke barabara kuja kibandani kwangu. Chai utanunua kwa Hared."

"Hared hauzi chai."

"Basi utakufa na kiu, wakupige picha."

Ekeno aliwahi ukumbini kabla ya watu, akaupima kama anavyopima chumba chake. Upande wa kushoto kulikuwa na dirisha kubwa lenye pazia jeupe. Afadhali kuliko chandarua. Upande wa kulia, darini, kulikuwa na taa kali iliyomulika chini moja kwa moja. Akavuta kiti mpaka mahali ambapo mianga miwili ilikutana katikati ya pua yake. Wazee wataketi kushoto: wataona shavu nono, ubavu wa koti, mtu anayekaribia ubunge. Wafadhili wataketi kulia: wataona shimo la jicho na tundu la fulana. Kazi yake ilikuwa kutogeuza shingo.

Na kweli, kwa muda, maajabu yale yalifanya kazi. Wazee waliingia na fimbo zao na vigoda vyao vya mti, wakakataa viti vya plastiki, wakaketi kushoto.

"Ejok, mzee," Ekeno alimsalimu mkwe bila kugeuza shingo.

"Ejok," Mzee Ebenyo alijibu. Akamgeukia mwenzake. "Unaona? Shingo haigeuki. Hawa wakubwa shingo yao ni hivyo."

Kutoka kulia, Madam Kagendo akamwinamia mfadhili mmoja na kunong'ona, akionyesha kwa kidole lile shavu lililobonyea. Mfadhili akatikisa kichwa kwa uchungu, akachukua sambusa nyingine. Nyuma yao, kwenye ukuta wa ukumbi, lilikuwa limetundikwa lile bango, limeteremshwa kutoka barabarani kwa ajili ya sherehe, na Ekeno mkubwa akawatazama wote kwa mashimo yake mawili.

Mgeni wa heshima alikuwa amefika kwenye neno "uwezeshaji" kwa mara nyingine tena, stima ilipopotea.

Taa ya kulia ikazimika. Feni zikazubaa, zikasimama. Baada ya muda mfupi ukumbi ukawa kama ndani ya sufuria, na Madam Kagendo akaamuru kila kitu kihamie uani, bango likiwemo. Watu wakatoka na viti vyao. Ilikuwa saa sita mchana.

Jua la Lodwar la saa sita halina kushoto wala kulia. Liko utosini. Ekeno alisimama katikati ya uwanja, akazunguka taratibu akitafuta pembe, na kila alikogeukia alikuwa na uso ule ule wa bango. Lakini alipowatazama wengine, akaona jambo lililomfanya asahau koti. Mgeni wa heshima, mtu mwenye tumbo lililohitaji kiti chake peke yake, alikuwa na mashimo mahali pa macho. Mfadhili aliyekula sambusa alikuwa na mashavu ya mfungo. Madam Kagendo, na poda yake, na miwani yake, alionekana kama mtu aliyesahauliwa kwenye mgao wa mahindi. Wote walikuwa wamekaa kwenye ukuta wa njaa.

Mzee Ebenyo naye akaona. Aliwatazama mmoja mmoja, akalitazama bango, akapiga fimbo chini kwa furaha.

"Wote!" alisema. "Hawa wote wanasimama!"

Madam Kagendo hakuelewa, lakini alijua kwamba mzee mwenye unyoya kofiani hupendeza kwenye ripoti. "Mzee, wewe ni wa familia ya mnufaika? Tupe neno."

Mzee Ebenyo akainuka kwenye kigoda chake. "Hii kijana inataka msichana yangu," alisema, polepole, ili wafadhili wapate. "Mimi nimeona bango, nimekubali. Sasa hapa mbele ya serikali nauliza: ngamia inakuja lini?"

Madam Kagendo akavua miwani.

"Ngamia?" alisema. "Ekeno, tulielezwa kwamba huna kitu. Wafadhili wako hapa. Una ngamia au huna?"

"Iko nayo," mzee alisema. "Mtu ya bango hii haiwezi kukosa."

Ekeno alisikia jasho likimteremka ndani ya koti la katekista. Akisema anao, taa za miavuli zinarudi garini. Akisema hana, mzee anarudi Lorugum. Kwa mazoea akatafuta dirisha, lakini uani hakukuwa na dirisha. Nyuma ya viti, chini ya mwavuli wa mtu mwingine, alimwona Nawoi amesimama, mikono kifuani, hacheki.

Akalivua koti, akalikunja, kwa kuwa halikuwa lake.

"Sina ngamia," alisema. "Nina mbuzi. Si wengi, wako Katilu kwa kaka yangu. Na mahindi kidogo. Nakula, Madam. Siku nyingine mara moja, siku nyingine vizuri. Siku ya picha hiyo," akalionyesha bango, "nilikula sahani mbili."

Ni vigumu kusema nani aliudhika zaidi. Madam Kagendo alilitamka neno "mbuzi" kana kwamba ni jina la ugonjwa wa kuambukiza. Mfadhili alitaka kujua kama sahani hizo zilikuwa kubwa. Mgeni wa heshima, aliyezoea hali kama hizi, alikumbuka mkutano mwingine. Wazee wawili wa Lorugum walimtazama Ekeno kwa masikitiko, kama watu walioletewa fahali mnadani wakakuta ni picha ya fahali.

Taa zikarudi garini, miavuli yake ikiwa bado kwenye nailoni. Baadaye ilisikika kwamba zilikwenda kwa msanii mwingine, ambaye hakuwa na mkwe.

"Literemsheni hilo," Madam alisema, akilielekeza bango bila kulitazama. "Haraka, kabla hawajalipiga picha. Litupwe."

Ni hapo Mzee Ebenyo, aliyekuwa ameanza kukunja uso ili atamke neno la mwisho, alipoinuka tena. Alilisogelea bango likiwa chini. Akalishika ukingo, akalisugua kwa vidole, akalinusa, akavuta kona mbili kuona kama litachanika. Halikuchanika. Lilikuwa na matundu ya chuma pembeni, tayari kwa kamba.

"Hii, maji inapita?" aliuliza.

"Haipiti, mzee," Ekeno alisema.

"Upepo?"

"Haupasui."

Makuti ya mkoma yaliyoezekea nyumba ya mzee yalikuwa yamechakaa, na mvua ya mwisho ilikuwa imemlalia mgongoni. "Mbuzi ni ngapi, utaniambia nyumbani, si mbele ya hawa," alisema. "Ngamia itafuata. Mimi sina haraka. Lakini hii nachukua leo." Akamtazama mkwe wake juu hadi chini, fulana iliyotoboka na yote, mwanga wa saa sita ukimkaanga. "Na wewe, uso yako ni mbaya kwa jua. Lakini mdomo yako imefunguka. Njoo Lorugum."

Nawoi alikuja, akamsaidia Ekeno kulikunja bango. Wakakunja mpaka wakafika kwenye pua ya bango.

"Chai utakunywa kwangu," alisema, akaikanyaga ile pua ili ikunjike vizuri.

Wakaoana. Mbuzi wakahama kutoka Katilu, fahali wa harusi akachinjwa, watu wakaruka na kuimba. Picha ya harusi ilipigwa mlangoni pa kibanda cha chai, saa za asubuhi, bila chandarua wala balbu, na ndani yake Nawoi anaonekana kama mtu aliyekula jana.

Hadithi ingeishia hapo kama Shirika halingekuwa na mwisho wa mwaka. Mwisho wa mwaka mashirika hutafuta mafanikio kama watu wanavyotafuta mbuzi aliyepotea, kwa kuuliza kila wanayekutana naye. Madam Kagendo alipitia Lorugum, na kutoka kwenye gari akaona nyumba ya mzee iliyoezekwa kwa kitu cheupe, na ukingoni mwa paa nembo za wafadhili wake zimepangwa kama vifungo. Alisimamisha gari. Hakuuliza paa limetoka wapi, kuuliza kungeharibu. Alihitaji mpiga picha, na wa karibu kuliko wote alikuwa Ekeno, aliyekuwa amekuja kuwasalimu wakwe.

"Saa sita," Madam alimwambia, akikwepa macho yake. "Mzee asicheke."

Mzee Ebenyo alicheka. Alikuwa na paa.

Picha hiyo ikawa kwenye kalenda ya Shirika, juu ya maneno yaliyosema kwamba waliokosa makazi walipewa makazi. Anaonekana mzee mlangoni kwake, na juu ya kichwa chake, imepinduliwa kichwa chini miguu juu, sehemu ya uso wa kijana mwenye macho yaliyozama na midomo yenye jivu. Nawoi aliitundika kalenda hiyo kibandani, kando ya birika. Wateja wakiinamisha vichwa ili waione vizuri, wakamuuliza huyo maskini wa juu ya paa ni nani, yeye humimina chai bila kutazama.

"Ni mume wangu," husema. "Hapo alikuwa ameshiba."